Hesabu karafuu kabla ya kununua ramani ya kale

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie ramani za kale zinazotundikwa siku hizi kwenye kuta za Dodoma, kuanzia ofisi za Mtumba hadi sebule za Area D na Kisasa. Inayovutia macho ya wengi ni ya jiji la London: mto Thames unakata katikati, juu yake daraja lililojengwa nyumba, na pembeni, kushoto na kulia, zimepangwa ngao zenye rangi. Mtazamaji huziona ngao hizo akadhani ni za wafalme. Sivyo. Ni nembo za wauza samaki, wauza chumvi, wauza mvinyo, masonara na washonaji, yaani vyama vya biashara na ufundi vilivyokuwa na sauti kubwa katika kuendesha jiji lile kwa karne nyingi.

Mnunuzi akiletewa ramani kama hiyo hutazama mji, kisha hutazama karatasi, na akiona imekuwa rangi ya chai ameridhika kwamba ni ya kale. Sisi mafundi wa fremu na karatasi tunamwambia aanze na ngao. Mji unaweza kunakiliwa na yeyote mwenye mashine nzuri. Ngao zina kanuni zake, na anayenakili bila kuzijua huacha alama inayomuumbua.

Vyama vyenyewe kwanza. Mwaka 1515 wakuu wa jiji la London waliviweka vyama katika mpangilio wa heshima, na 12 vya mwanzo vikajulikana kuwa ndivyo vikubwa. Wa kwanza ni Mercers, wauza hariri na vitambaa vya bei. Wanafuata Grocers, wauza viungo kwa jumla. Drapers, wauza nguo za sufu. Fishmongers, wauza samaki. Na Goldsmiths, masonara. Nafasi ya sita na ya saba wanapokezana Skinners, wauza ngozi za manyoya, na Merchant Taylors, washonaji. Waligombea nafasi hiyo hadi mwaka 1484 meya alipoamua wabadilishane kila mwaka, na wanabadilishana mpaka leo. Baada yao ni Haberdashers, wauza kofia, nyuzi na vikorokoro vya ushonaji. Salters, wauza chumvi. Ironmongers, wauza chuma. Vintners, wauza mvinyo. Na mwisho Clothworkers, wanaomalizia vitambaa, chama kilichozaliwa baadaye, mwaka 1528, kwa kuunganisha viwili vya awali, kikashika nafasi ya 12. Leo London ina vyama zaidi ya 110 vya namna hiyo, ila kwenye ramani za kale safu ya pembeni mara nyingi ni ya hao 12 tu, sita upande mmoja na sita upande wa pili.

Mojawapo ya ramani za mwanzo zenye mpangilio huo ilitolewa na John Norden mwaka 1593, ikachongwa kwenye bamba la shaba na Pieter van den Keere. Ni ndogo, kwa sababu ilikuwa ya kukunjwa ndani ya kitabu. Kwa hiyo ukiuziwa "Norden halisi" yenye upana wa mita moja, huna haja ya kufika kwenye ngao. Rudisha pochi mfukoni.

Tushike ngao moja tuitazame kwa karibu, ya wauza viungo. Uwanja wake ni mweupe. Katikati umepita mkanda mwekundu wenye umbo la paa la nyumba, na kuuzunguka kuna karafuu nyeusi tisa, sita juu na tatu chini. Juu ya ngao, pale panapokaa kilemba cha nembo, yuko ngamia aliyebeba mizigo ya pilipili manga. Chama kilipewa nembo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1530. Msomaji wa Tanzania akiona karafuu akili inakimbilia Unguja na Pemba, na kuna wanaouza ramani kwa maelezo hayohayo, kwamba ina uhusiano na Zanzibar. Haina. Karafuu za wakati ule zilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Mikarafuu haikupandwa Zanzibar hadi karne ya 19. Chama kiliweka karafuu kwenye ngao kwa sababu kazi yake mojawapo ilikuwa kukagua viungo vinavyoingia jijini, kuchambua uchafu na vijiti, na kusimamia mizani.

Sasa chukua lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara 10, uzihesabu karafuu hizo. Kwenye chapa iliyotoka moja kwa moja kwenye bamba la shaba, kila karafuu ina kichwa na mkia, hata ikiwa ndogo kama punje ya ulezi. Kwenye picha iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine, karafuu zimekuwa madoa yaliyoungana na huwezi kujua ni tisa au sita. Ikumbukwe kwamba kwenye ngao ndogo sana mchongaji mwenyewe aliweza kupunguza idadi, na huo si udanganyifu. Unachotafuta ni ukali wa mstari. Hesabu inakulazimisha tu kutazama kwa makini.

Ngao nyingine nazo zisomeke. Mapipa matatu ya Vintners hayahitaji maelezo kwa watu wa Dodoma, mji wa zabibu. Kichwa cha chui cha masonara ndicho kilekile kinachogongwa kwenye vyombo vya fedha London tangu mwaka 1300 kuonyesha kwamba madini yamepimwa. Washonaji wana hema katikati ya majoho mawili. Drapers wana miale ya jua inayotoka mawinguni ikivikwa mataji matatu-matatu. Walipewa nembo yao mwaka 1439. Wauza chumvi wana vikopo vitatu vyenye vifuniko, na chumvi inamwagika pembeni.

Tufike kwenye kanuni inayowashika wengi. Bamba la shaba huchapa rangi moja tu, nyeusi. Rangi nyingine zote zilipakwa baadaye kwa brashi. Ili mtu wa kupaka rangi ajue ngao ni ya rangi gani, katika karne ya 17 ulienea utaratibu wa kuonyesha rangi kwa mistari, na kitabu cha padri Mjesuiti Silvester Petra Sancta cha mwaka 1638 ndicho kilichoutawanya zaidi. Nyekundu ni mistari ya wima. Bluu ni ya mlalo. Nyeusi ni ya wima na mlalo ikikatana kama wavu. Kijani ni ya mshazari, ikianzia juu kushoto kwa mtazamaji na kushuka kulia. Dhahabu ni vidoti, na fedha huachwa tupu.

Faida ya kanuni hii ni mbili. Ya kwanza ni tarehe. Ukikuta ramani yenye mwaka 1593 chini yake, halafu ngao zake zimejazwa mistari ya Petra Sancta kwa ukamilifu, bamba lile limechongwa miongo mingi baada ya mwaka huo. Huenda ni nakala ya kale yenye thamani yake, lakini si ya 1593. Ya pili ni rangi. Ngao ya Vintners ina uwanja mweusi na mapipa meupe. Ukiona wavu wa mistari ya nyeusi umefunikwa kwa rangi nyekundu, aliyepaka hakujua anachokisoma, na mara nyingi huyo ni mtu wa karne ya 20 aliyepewa jukumu la kufanya karatasi iuzike. Rangi mpya juu ya chapa ya kale haiifanyi chapa kuwa bandia, ila inashusha bei, na muuzaji mwaminifu huitaja.

Alama ya tatu ni mwelekeo wa wanyama. Katika ngao, simba au mnyama yeyote kwa kawaida hutazama upande wa kushoto wa mtazamaji. Mchongaji huchonga kinyume ili chapa itoke sawa. Anayenakili kutoka kwenye chapa iliyokamilika, asipogeuza, atapata kila kitu kimegeuka. Maandishi huyakumbuka, maana yakitoka kinyume hata mtoto ataona. Simba humsahau. Tazama ngao ya Haberdashers: mawimbi ya bluu na nyeupe, na juu yake mkanda mwekundu wa mshazari wenye simba wa dhahabu. Mkanda unapaswa kuanzia juu kushoto kushuka kulia. Ukiukuta umeinama upande mwingine na simba anaelekea kulia, huku maandishi yako sawa, umekamata nakala. Kuna pingamizi moja ya kuzingatia: wachongaji wa Ujerumani walikuwa na desturi ya kugeuza ngao za upande mmoja ili zitazamane na za upande wa pili kwa heshima. Ngao zote za safu moja zikiwa zimegeuka kwa pamoja, fikiria desturi hiyo. Ikiwa moja tu imegeuka, ni kosa.

Baada ya ngao, mji. Hapa tunapita haraka kwa sababu mambo yake yanajulikana. Kanisa la St Paul's lilipoteza mnara wake mrefu uliochongoka kwa radi mwaka 1561. Moto mkubwa wa Septemba 1666 uliteketeza kanisa lenyewe pamoja na kumbi nyingi za vyama hivyo. Jengo jipya lenye kuba lilikamilika karibu mwaka 1710. Nyumba za juu ya daraja zilibomolewa kati ya 1758 na 1762, na daraja la pili la mjini, la Westminster, lilifunguliwa 1750. Ramani yenye madaraja mawili na mwaka wa 1690 ina la kujibu. Kinyume chake si kosa: ramani maarufu ya Braun na Hogenberg ya mwaka 1572 inaonyesha mnara wa St Paul's ukiwa bado umesimama, miaka 11 baada ya kuungua, kwa sababu walichora kutoka kwenye ramani ya zamani zaidi. Ramani inaweza kuchelewa. Kutabiri haiwezi.

Karatasi nayo ina ushahidi wake. Chapa ya shaba hubanwa kwa nguvu, na ukingo wa bamba huacha mbonyeo wa mstatili nje kidogo ya fremu ya mchoro. Pitisha ncha ya kidole kwa upole nyuma ya karatasi utausikia. Lakini wenye kughushi wanaweza kuubonyeza, na wamiliki wa zamani walizoea kukata kingo, kwa hiyo usihukumu kwa hilo peke yake. Inua karatasi mbele ya dirisha. Karatasi ya kabla ya katikati ya karne ya 18 itaonyesha mistari myembamba iliyobanana, na kukatisha hiyo, mistari mingine inayoachana kama sentimita 2 hadi 3, alama ya waya wa chujio alilotumia fundi karatasi. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo haikutumika kuchapia vitabu Uingereza hadi mwaka 1757. Mistari ikikosekana kwenye ramani ya 1676, biashara imekwisha. Mistari ikiwepo bado hujamaliza, kwa kuwa viwanda vya leo hutengeneza karatasi ya mistari vilevile.

Rudia lenzi kwenye sehemu yenye rangi. Ukiona vidoti vidogo vya samawati, waridi iliyokoza, njano na nyeusi vimejipanga kama maua, ni mashine ya kisasa ya kuchapia magazeti na mabango. Ukiona vumbi la vidoti lisilo na mpangilio, ni printa ya wino. Rangi ya brashi haina vidoti. Imetandazika, na pembezoni imekoza kidogo pale maji yalipokauka mwisho.

Kifaa cha bei nafuu kuliko vyote tayari kipo kwenye kaunta za maduka mengi ya hapa mjini: taa ya kukagulia noti, ile yenye mwanga wa zambarau. Ingia nayo chumba chenye giza uimulike ramani. Karatasi iking'aa bluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, ina kemikali za kung'arisha ambazo hazikuingia kwenye utengenezaji wa karatasi hadi karibu mwaka 1950. Karatasi ya kale hubaki na weusi hafifu au unjano mzito. Mulika upande wa mbele. Nyuma unaweza kukuta karatasi mpya iliyogandishwa na fundi wa baadaye ili kuimarisha, nayo itang'aa bila kosa la ramani.

Kuhusu ile rangi ya chai. Karatasi huzeeka kutoka pembeni kuja ndani, na kwenye mikunjo, na pale vidole vilipoishika. Iliyochovywa kwenye chai au kahawa ni kahawia kila mahali sawasawa, hata ndani ya mkunjo, na mara nyingine ina mstari mweusi pale maji yalipokusanyika. Kijani ndicho kinachosema kweli zaidi. Wapaka rangi wa zamani walitumia kutu ya shaba, na kutu hiyo huila karatasi taratibu. Geuza ramani: kama kijani ni cha kale, nyuma yake utaona kivuli cha kahawia kinachofuata umbo lilelile, na mahali pengine karatasi imeanza kukatika kama jani la mgomba lililokauka. Nyuma ikiwa nyeupe safi chini ya kijani kilichokoza, rangi hiyo ni ngeni.

Sasa umenunua, na ni ya kweli. Hali ya hewa ya Dodoma inakungoja. Mvua zetu ni kidogo, kama milimita 570 kwa mwaka, zikianza Desemba na kuishia Aprili. Kiangazi hewa hukauka, upepo wa vumbi jekundu huingia hadi kabatini, na jua la saa tisa alasiri linapiga ukuta kupitia dirisha la magharibi. Karatasi hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Ukiigandisha kingo zote nne kwenye ubao, kama mafundi wengi wanavyofanya kwa gundi nyeupe ya mbao, itatanuka Januari ikafanya mawimbi, na ikifika Agosti itavutika mpaka ichanike, kwa kawaida kwenye mkunjo wa katikati.

Kwa hiyo isigandishwe. Tunapendelea vifuko vya pembe kuliko kitu kingine, hasa kwa hewa ya hapa. Kata ukanda wa karatasi isiyo na asidi, upana sentimita 3, ukunje pande mbili ziwe pembetatu, kisha chomeka kila pembe ya ramani kwenye kifuko chake. Kifuko ndicho kinachogandishwa kwenye kadi ya nyuma. Ramani yenyewe haigusi gundi. Acha nafasi ya milimita 2 ndani ya kila kifuko ili karatasi ipumue. Ikiwa pembe zimeharibika na lazima utumie bawaba za karatasi, yaani vipande vidogo vya kuishikilia ramani kwa nyuma, weka mbili tu, kwenye ukingo wa juu, kila moja sentimita 2 kwa 4, karatasi ya Kijapani iliyochanwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi, maana ukingo mkali huacha alama.

Gundi ya bawaba hizo ni wanga wa ngano uliopikwa. Uji wa unga wa ngano haufai, kwa sababu ule utomvu wa unga huwa mgumu baadaye na huita mende na wadudu wala karatasi. Wanga haupatikani madukani kwetu kwa urahisi, ila unatengenezeka: kanda unga na maji uwe donge, liache nusu saa, kisha lifinyange ndani ya bakuli la maji mpaka maji yawe kama maziwa na mkononi kibaki kitu cha kunata kama ubani. Kitupe hicho. Chuja maji, yaache usiku kucha, asubuhi mwaga maji ya juu. Kilichotuama chini ndicho wanga. Kikaushe. Chukua kipimo kimoja cha wanga kwa vipimo vitano vya maji, pika ndani ya sufuria iliyokalishwa kwenye maji yanayochemka, ukikoroga bila kuacha dakika 20 hadi 30, mpaka kiwe kizito na kianze kupitisha mwanga. Kikipoa kipitishe kwenye chujio mara mbili. Kina siku tatu au nne kwenye friji. Kikianza kunuka au kuwa maji, kimwage.

Fremu ya mninga inafaa. Ni imara na mchwa haipendi sana. Hardibodi na MDF za kawaida zisiguse ramani, kwa sababu hutoa asidi inayoigeuza karatasi kahawia kwa nyuma. Weka kadi isiyo na asidi katikati yake na ramani. Kwa mbele tumia kioo cha milimita 3. Plastiki ngumu inayofanana na kioo ni nyepesi na haivunjiki, lakini katika hewa kavu hujijaza umeme wa msuguano, ikavuta vumbi na hata kubandua rangi ya kale iliyoanza kulegea. Kioo kisiguse karatasi: kadi yenye dirisha, unene wa milimita 3 au 4, ikae kati yao. Nyuma ya fremu ziba mianya yote kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa sababu kiangazi mbao husinyaa na pembe za fremu hufunguka, na vumbi letu ni laini, linapita hata upenyo wa unywele. Bandika vipande viwili vya kizibo cha chupa, unene wa milimita 5, kwenye pembe za chini kwa nyuma ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Kila mwezi inua fremu utazame ukuta. Mchwa hupenda kupandisha njia yake nyuma ya kitu kisichosogezwa, na hula kadi kwanza kabla ya wewe kuona chochote mbele.

Mwanga usizidi lux 50 kwa ramani yenye rangi za brashi. Simu nyingi zina programu ya kupima mwanga. Haina usahihi wa maabara, ila inatosha kukuonyesha kwamba ukuta ulioupenda unapata 2,000 mchana. Jua la moja kwa moja ni makumi ya maelfu. Nyekundu za mimea ndizo huondoka kwanza, na ngao ya Mercers ikibaki na uwanja wa waridi iliyopauka hakuna wa kuirudisha. Ukuta wa ndani wa ukumbi, usio na bafu kwa upande wa pili, ni bora kuliko ukuta mzuri unaoelekea dirisha.

Ikiwa haitundikwi, isikae ndani ya bomba la maji la plastiki. Tunajua ni rahisi na linatosha urefu, lakini plastiki ile hutoa mvuke wenye asidi. Chukua mkebe wa kadi wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, uufunike kwa karatasi isiyo na asidi, uvingirishe ramani kwa nje ya mkebe, si ndani, kisha uifunge kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa bila wanga. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu, ukitoka katikati kwenda nje. Kitambaa chenye maji hulifanya vumbi jekundu kuwa tope, na tope likishaingia kwenye nyuzi za karatasi halitoki.

Na laminesheni. Tunaelewa inavyopendwa, vyeti vyetu vyote vimepita humo. Lakini plastiki ile huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 100 ikaingia kwenye nyuzi za karatasi, na haitolewi bila kuiharibu chapa. Ramani ya kale iliyopigwa laminesheni ina bei ya bango. Selotepu ni ndugu yake: gundi yake hugeuka njano, ikapenya upande wa pili, na utepe wenyewe hudondoka baada ya kazi ya uharibifu kumalizika.

Hatupingi nakala. Nakala nzuri ya London ya 1676, ile ya Ogilby na Morgan iliyochapwa kwa karatasi 20 kwa kipimo cha inchi moja kwa futi 100, inapendeza ofisini na haina wasiwasi wa jua; ikipauka utachapa nyingine. Wala hatuna neno na wabunifu wanaochora Dodoma kwa mtindo huo, zabibu kwenye ngao moja na mtama kwenye nyingine. Tunachowaomba wenye maduka ya picha na fremu wa hapa mjini ni kitu cha dakika moja: nyuma ya kila nakala, kwenye kona ya chini kulia, waandike kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, neno "nakala", mwaka iliochapwa, aina ya mashine, na ukubwa wa ramani ya asili kwa sentimita. Na kama rangi za ngao zimepakwa dukani, waandike hivyo pia.

Wasomaji wako,
Mafundi wa fremu na karatasi,
Dodoma